Anayepiga hodi ndiye anayelipa: kisa cha muuza korosho wa Mtwara

"Baba, watu wangu wote wameondoka."

Ndivyo alivyoniambia shangazi Jumatatu moja ya Novemba 2023, kasimama mlangoni pa steshenari yangu hapa Mtwara mjini, simu kaifunga kwenye pindo la kitenge kama aliyebeba yai. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kukaa. Nilipoifungua simu nikaona WhatsApp inamkaribisha kama mgeni: kubali masharti, weka namba yako. Hakuna mazungumzo, hakuna magrupu, hakuna sauti hata moja. Namba ile alikuwa akiitumia humo tangu 2016.

Kabla ya hapo ilibidi nimuulize tarakimu za kufungulia simu, maana kidole chake simu haijawahi kukitambua. Shangazi ni mbanguaji wa korosho. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, na mwanamke aliyebangua miaka ishirini, hata awe anajipaka majivu kila asubuhi, ncha za vidole vyake huwa nyeusi na laini kama kokoto za ufukweni Mikindani. Mistari ya simu kusoma imeshakwisha.

Wengi niliowasimulia kisa hiki huwahi kuuliza: alitapeliwa na nani? Hakutapeliwa. Kijana aliyemuuzia huduma alifanya karibu yote aliyoahidi, na risiti alitoa. Ndiyo maana naona kinafaa kuchambuliwa. Tapeli ukishamjua umemaliza. Hapa kilichomuumiza shangazi ni utaratibu halali wa biashara wa WhatsApp yenyewe, ambao sisi tunaoshinda humo mchana kutwa hatujui umekaaje.

Duka lisilo na mlango

Korosho ghafi za huku zinakwenda chama cha ushirika, ghalani, kisha mnadani, na huko shangazi anasubiri malipo kama mkulima mwingine yeyote. Biashara ninayoisema ni ile ya pembeni: korosho za kubangua kwa mkono, anazozifanya na wanawake wenzake kumi na mmoja wa kikundi. Kopo la kilo moja mwaka ule lilikuwa shilingi 24,000, la nusu kilo 12,500. Wateja wako Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, na wawili watatu Nairobi. Mzigo unapanda basi alfajiri, anayeupokea anausubiri Mbagala, pesa inaingia kwa simu.

Mimi ndiye niliyemuwekea WhatsApp Business mwaka 2020, ile programu ya bure ambayo kampuni iliitoa Januari 2018 kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Nikampangia katalogi, picha nzurinzuri, bei chini ya kila picha. Hakuigusa tena. Alichokishika ni status tu. Asubuhi anapiga picha sinia la korosho likitoka jikoni, mvuke bado unaonekana, anaandika: "Za leo hizi hapa. Anayetaka aseme." Watu wanasema. Yeye anajibu kwa sauti, kwa sababu vidole vile na kioo cha simu havielewani, na kwa sababu ana sauti ya kumfanya mtu aagize kopo la pili.

Na wateja wake aliwahifadhi kwa namna yake. "Dada Mbagala Kopo Mbili." "Bwana Chumvi Kidogo." "Mwalimu Hajalipa." Hilo la mwisho litatutokea tena mbele.

Kwa mwezi wa kawaida aliuza kilo 60 hivi, msimu wa sikukuu zaidi. Gharama yake ya kutangaza ilikuwa bando.

Bure ilitoka wapi

WhatsApp ilianzishwa 2009 na Jan Koum na Brian Acton, watu waliokuwa wamefanya kazi Yahoo na kuchoshwa na matangazo. Hawakutaka kuyaona kwenye kitu chao, na mwaka 2012 wakaandika hadharani kwa nini hawauzi matangazo. Walichotoza ni senti 99 za dola kwa mwaka, tena baada ya mwaka wa kwanza wa bure. Huku kwetu sijakutana na mtu aliyewahi kuilipa. Tarehe ilikuwa ikifika, inasogezwa.

Februari 2014 Facebook ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 19. Hadi mauzo yanakamilika Oktoba, hisa za Facebook zilikuwa zimepanda na bei ikakaribia bilioni 22. Wakati wa tangazo WhatsApp ilikuwa na wafanyakazi 55 na watumiaji kama milioni 450. Gawanya tu kwa penseli: dola 42 kwa kila kichwa. Kwa ada ya dola moja kwa mwaka, kila mtumiaji angelipa miaka 42 ili kurudisha mtaji, na hapo hujalipa umeme wala mishahara. Mtu aliyenunua kitu kwa hesabu hiyo hakuwa na mpango wa kuishi kwa ile dola.

Na kweli Januari 2016 ada ikafutwa kabisa. Tulishangilia. Tangazo lilelile, aya chache chini, lilisema wataanza kujaribu njia za watu kuwasiliana na biashara na mashirika, kama benki au shirika la ndege. Sijui ni wangapi walifika kwenye aya hiyo. Mimi niliisoma baadaye sana, nikitafuta chanzo cha masaibu ya shangazi.

Ukiangalia vizuri, kampuni ilikuwa na milango miwili. Wa kwanza ni kuuza matangazo, kazi ambayo Facebook inaijua kuliko kitu kingine chochote; mwaka 2023 mapato yote ya Meta, jina jipya la kampuni hiyo ya Facebook, yalikuwa karibu dola bilioni 135, na karibu yote ni matangazo. Wa pili ni kumtoza mfanyabiashara anayetaka kumfikia mtumiaji. Waanzilishi waliukataa wa kwanza. Acton akaondoka 2017 akiacha nyuma hisa zilizotajwa kufika dola milioni 850, Koum akatangaza kuondoka Aprili 2018. Miezi michache tu baadaye, Agosti 2018, mlango wa pili ukafunguliwa rasmi. Kampuni kubwa, za mfano wa Uber na Booking.com, zikapewa njia ya kuunganisha mifumo yao na WhatsApp moja kwa moja, na kulipia.

Hapa ndipo penye utamu wa kisa, kwa hiyo naomba tukae kidogo.

Hawakutoza ujumbe kama mtandao wa simu unavyotoza meseji. Walitoza mwelekeo. Mteja akikuandikia wewe mwenye biashara, unafunguliwa muda wa saa 24 wa kumjibu. Ukitaka kumwanza wewe, au umelala hadi saa 24 zimepita, unalipa, na huruhusiwi kuandika unachotaka: unatumia maneno yaliyoandaliwa na kupitishwa kabla na kampuni. Tangu 2018 hadi leo namna ya kuhesabu imebadilika mara kadhaa. Februari 2022 walianza kuhesabu kwa mazungumzo ya saa 24 badala ya ujumbe mmojammoja. Juni 2023 wakayagawa kwa makundi, tangazo la biashara bei yake, taarifa ya huduma bei yake, tarakimu za uthibitisho bei yake. Julai 2025 wakarudi kuhesabu kwa ujumbe. Bei inategemea nchi ya namba inayopokea. Lakini kiini ni kilekile: mteja akipiga hodi kwako, mlango ni bure (kuna miaka bure hiyo iliwekewa kikomo, nitairudia), ukipiga hodi wewe kwa mteja, unalipa.

Shangazi, nilipomweleza hivi, alisema methali ambayo sote tunaijua, ila sikuwahi kuisikia ikikaa mahali pake namna ile: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Akaongeza, "Sasa hao wanatoza ushuru wa kujitembeza." Sijaona maelezo ya wataalamu yaliyoipita sentensi hiyo.

Wakala

Kijana alikuja na begi la kompyuta na shati la kampuni moja ya Dar es Salaam ambayo sitaitaja. Alikuwa mpole, alimwita "mama" kwa heshima yote, na alikula korosho mbilimbili, bila pupa. Alichosema kilikuwa kweli: status yako wanaiona wachache, wengine wamekunyamazisha, brodikasti inaishia watu 256, na hata hao wasiokuhifadhi kwenye simu zao haiwafikii, sisi tuna mfumo unaotuma kwa wote kwa mpigo, jina la biashara linatokea juu, na kila mtu anaitwa kwa jina lake.

Shangazi ana wateja 412 kwenye simu. Sikukuu zilikuwa zinakaribia. Mimi nilikuwa Newala kwa siku tano, na simu yake ilinikuta njiani mtandao unakatikakatika. Nilisikia "kijana wa WhatsApp", nikadhani ni fundi. Hilo kosa ni langu.

Akalipa shilingi 150,000 za kuanzia. Ada ya mwezi ikawa 60,000, na kila ujumbe wa tangazo shilingi 130. Kisha kijana akamwelekeza, hatua kwa hatua, aingie kwenye mipangilio na kubonyeza palipoandikwa kufuta akaunti. Kwa utaratibu wa wakati ule ilikuwa lazima: namba inayohamia kwenye huo mfumo wa kulipia haiwezi kubaki kwenye programu ya simuni. Ni moja kati ya mbili. Kijana alimwambia "tunahamisha namba". Neno kuhamisha, kwa mtu aliyewahi kuhama nyumba, lina maana kwamba vyombo vinakwenda pamoja na wewe. Kufuta akaunti kunafuta mazungumzo yote, kunakutoa kwenye kila grupu, na kunafuta hata nakala iliyohifadhiwa Google.

Vyombo vilibaki barabarani.

"Habari Mwalimu Hajalipa"

Tangazo la kwanza lilitoka Alhamisi saa nne asubuhi. Nalinakili kama mteja mmoja alivyonionyesha:

"Habari Mwalimu Hajalipa! Tunakuletea OFA KABAMBE ya korosho bora za daraja la kwanza kutoka Mtwara. Wasiliana nasi sasa ujipatie punguzo. Ukitaka kusitisha jumbe hizi, jibu SITISHA."

Mfumo ulichukua majina kama yalivyokuwa kwenye simu. Haukuwa na namna ya kujua kwamba jina lile ni daftari la madeni. "Habari Bwana Chumvi Kidogo" naye alipata lake, akacheka, akatuma picha ya ujumbe kwa rafiki zake. Mwalimu hakucheka. Alilipa deni siku hiyohiyo, shilingi 12,500, bila neno lolote, na hajaagiza tena mpaka leo.

Soma tena ule ujumbe ukilinganisha na "Za leo hizi hapa. Anayetaka aseme." Wa kwanza ulipitishwa na kampuni, una sarufi safi, hauna kosa. Haumhusu mtu yeyote. Dada wa Mbagala alijibu papo hapo: "Shangazi, umeajiriwa benki?" Na jibu hilo shangazi hakuliona, kwa sababu simu yake ilikuwa kimya, majibu yalikuwa yanaingia kwenye kompyuta ya ofisi ya wakala, ambako kijana mwingine aliyajibu kesho yake alasiri: "Habari mteja, tukusaidie nini?" Mtu anayemnunulia mama mmoja korosho kwa miaka mitano anaulizwa asaidiwe nini.

Kuna jambo hapa ambalo sikulipa uzito mwanzoni. WhatsApp inajivunia kwamba tangu Aprili 2016 ujumbe unafungwa na kufunguliwa na mtumaji na mpokeaji peke yao, na kwa mazungumzo ya watu binafsi ni kweli. Lakini biashara ikishamkabidhi mtu mwingine aendeshe mazungumzo yake, huyo mwingine anasoma. Wateja 412, namba zao, madeni yao, nani anakula chumvi kidogo kwa sababu ya presha, vyote vilikuwa kwenye kompyuta ya mtu wasiyemjua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilikuwa imeanza kutumika Mei 1, 2023, na ni sheria inayomgusa hata muuza korosho: taarifa ulizopewa kwa kazi moja si za kupeleka kwenye kazi nyingine kimyakimya. Si shangazi wala kijana aliyelifikiria hilo. Sidhani kama katika soko letu yupo aliyelifikiria.

Hesabu niliipiga naye usiku, kwenye karatasi ya nyuma ya fomu. Matangazo matatu ndani ya mwezi, mara watu 412, mara shilingi 130: shilingi 160,680. Ongeza ada ya mwezi: 220,680. Ile ya kuanzia tuiache kando. Faida yake kwa kilo ni kama shilingi 5,000, kwa hiyo alihitaji kuuza kilo 45 za nyongeza, juu ya zile 60 za kawaida, ili tu arudi sifuri. Kilo zilizoagizwa kwa sababu ya yale matangazo zilikuwa tisa. Na zile 60 za kawaida ziliporomoka, kwa sababu status haikuwepo tena. Namba iliyohamia kwenye mfumo ule wakati huo haikuwa na status.

Kwa hiyo alilipia kupiga hodi kwenye nyumba ambazo siku zote zilikuwa zikimpigia hodi yeye.

Msiba

Hesabu ya pesa ilifutika kwa msimu mmoja. Iliyochelewa kufutika ni hii nyingine.

Namba ilipofutwa, shangazi alitoka kwenye magrupu yote tisa: la kikundi cha wabanguaji, la vikoba, la familia, la waliosoma pamoja, la msikiti. Siku hizi mtu akitoka kwenye grupu haitangazwi kwa wote; anayearifiwa ni admini tu. Admini wa kikundi cha wabanguaji aliona. Wiki iliyotangulia walikuwa wamekwaruzana kidogo na shangazi juu ya mchango wa gunia. Akahitimisha kwamba mwenzake kasusa. Akawaambia wengine, nao wakanyamaza kama watu wazima wanavyonyamaza.

Siku ya nne mmoja wao akafiwa na mama yake, kijiji cha upande wa Msimbati. Tangazo la msiba likapita kwenye grupu, saa ya kuondoka, nauli ya pikipiki, nani anabeba mchele. Shangazi alikuwa nyumbani akibangua. Alipata habari sokoni siku ya tatu baada ya maziko, kutoka kwa muuza dagaa, mtu asiyehusika kabisa.

Kwa watu wa huku kukosa ada ya simu kunasameheka. Kukosa matanga kunaulizwa. Alikwenda peke yake na mkono wa pole, akaeleza habari za akaunti na mfumo na kufuta, na mfiwa akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya dada, tumeshazika." Shangazi ananisimulia sentensi hiyo hadi leo kwa sauti ileile.

Nimeitafuta gharama hii kwenye maelezo yote ya bei za WhatsApp niliyosoma na haimo, wala siilaumu kampuni kwa kutoiandika. Wao wanaona akaunti ya biashara na akaunti ya mtu. Mtwara hatuna vitu hivyo viwili. Namba inayouza korosho ndiyo inayopokea habari za ugonjwa wa kaka, na ndiyo inayochangishia harusi. Ukiifanya iwe ya biashara tupu, umeing'oa na mizizi yake.

Kurudisha namba

Kwa maelezo mafupi: wakala alitakiwa kuiondoa namba kwenye mfumo wao na kuzima tarakimu za ulinzi walizoweka, ndipo sisi tuisajili upya kwa meseji ya uthibitisho. Ilichukua siku nne, simu saba, na safari moja ya mimi kwenda kukaa ofisini kwa mwakilishi wao mpaka ifanyike. Ada ya mwezi haikurudi. Majina yalikuwa bado kwenye simu, lakini sauti za miaka saba za watu kuagiza, kulalamika na kushukuru zilikuwa zimekwenda.

Jambo la kwanza alilonituma baada ya hapo lilikuwa daftari la kurasa 200. Ameandika wateja wote kwa kalamu: mji, kopo, chumvi, deni. Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima, shangazi alifungua daftari akawapigia watu simu za kawaida. Aliuza. Wenzake wenye katalogi walikuwa wanatazama duara linazunguka.

Je, ule mfumo haufai?

Unafaa, na ningemshauri mtu mwingine auchukue. Kampuni ya mabasi yenye abiria mamia kwa siku, inayotuma tiketi na saa ya kuondoka, inapata thamani yake. Hospitali inayokumbusha kliniki. Chama cha ushirika kinachotaka kuwaambia wakulima elfu kumi kwamba malipo yameingia. Hao hawana undugu na wapokeaji wao wa kupoteza, na mtu akipata tiketi haulizi nani kaandika. Tena tangu Novemba 2024 kujibu mteja aliyeanza mwenyewe ni bure kabisa ndani ya zile saa 24. Kabla ya hapo, tangu Februari 2022, bure iliishia mazungumzo 1,000 kwa mwezi. Kwa mwenye wateja wanaojileta, masharti yamelegea.

Makosa yalikuwa kumuuzia chombo cha kuanzisha mazungumzo mtu ambaye biashara yake yote ni mazungumzo yaliyokwisha kuanzishwa. Kijana hakuuliza swali moja tu ambalo lingemaliza kila kitu: mama, kwa kawaida nani anaanza, wewe au wao?

Mimi nilipolielewa swali hilo ndipo nikajua cha kufanya. Nilimchapia lebo mpya za makopo, hapahapa kwenye steshenari yangu. Namba kubwa, mchoro wa miraba wa kuskani, na chini yake: "Likiisha, niambie." Mteja akiskani, WhatsApp inafunguka kwenye namba ya shangazi moja kwa moja na mteja anaandika wa kwanza. Shangazi anauita ule mchoro "kidubwana" na haupendi, anasema unachafua kopo. Lakini anaubandika.

Na Meta yenyewe ilikuwa imeshaliona hilo kabla yangu. Wanauza matangazo ya Facebook na Instagram ambayo ukiyabonyeza unatua kwenye WhatsApp ya muuzaji, yaani wewe mteja ndiye unaonekana umepiga hodi. Oktoba 2022 Mark Zuckerberg, mkuu wa Meta, aliwaambia wawekezaji kwamba matangazo ya aina hiyo yalikuwa yakielekea kuingiza dola bilioni 1.5 kwa mwaka. Wanauza hodi pande zote mbili, kwa kifupi. Siwezi kusema sikuvutiwa na akili yake.

Kisha Juni 2025 ule mlango wa kwanza, wa matangazo, walioukataa waanzilishi, nao ukafunguliwa. Meta ikatangaza kwamba matangazo yataanza kuonekana kwenye sehemu ya Status, katikati ya status za watu, na kwamba mazungumzo binafsi hayaguswi. Nilimsomea shangazi habari hiyo kwenye baraza lake, mikono yake ikiwa ndani ya beseni la majivu. Aliuliza kama sinia lake litaondolewa. Nikamwambia halitaondolewa, ila pembeni yake anaweza kukaa mtu aliyelipa. Akafikiri kidogo.

"Sokoni si ndivyo ilivyo," akasema. "Mwenye meza anakaa mbele, mimi nakaa chini na ungo. Watu wananijua nilipo."

Sikubaliani naye moja kwa moja. Sokoni mwenye meza hawezi kujua nani amepita na alitazama nini, na ushuru haupandi kwa tangazo lililotoka ng'ambo usiku wa manane. Lakini nilikuwa nimeshika kopo lake mkononi na mdomo umejaa, nikaona si wakati.

Jioni moja ya Oktoba nilikuwa pale simu ilipolia. Ni dada wa Mbagala: mzigo umefika, kopo moja limepasuka kifuniko. Shangazi akajifuta mkono kwenye kitenge, akajaribu kidole kwa mazoea, simu ikakataa, akaweka tarakimu, akabonyeza alama ya sauti na kuishikilia.

"Pole mwanangu. Hilo lililopasuka usilihesabu. Na mama anaendeleaje na mguu?"